Namna ya Kutazama Ndege ya Vita



Tangu niliporudi kutoka safari wengi wenu mmeniuliza kama ni kweli nilipanda ndani ya ndege za vita kule Bulaya. Hapana, si kweli. Kuzipanda ni kosa: kuna kamba, na karibu na kamba kuna mlinzi. Lakini nilizizunguka masaa manne mazima pamoja na jamaa yangu, na nimeombwa niandike somo juu yake katika jarida letu. Walimu wa fizika wanisamehe nikikanyaga shamba lao. Mimi ni mtu wa historia, lakini ndege hairuki kwa historia peke yake.

Tulikuwa watu watano. Binti yangu anayefanya kazi Bruxelles, ambaye ndiye aliyetulipia safari; watoto wake wawili, mvulana wa miaka kumi na mmoja na msichana wa miaka minane; mimi; na yaya yangu, mzaliwa wa kwanza wa mama yetu, ambaye amekwisha kupita miaka sabini. Binti yangu alitaka kutupeleka sokoni tununue makoti, kwa sababu baridi ilikuwa inatutesa, lakini yule mvulana akakataa. Akasema: "Babu hawajaona ndege." Sisi wote tukacheka, maana tulikuwa tumefika kwa ndege siku tatu mbele. Kumbe alikuwa anasema ndege za vita. Yaya akamjibu polepole: "Zile mimi nimeziona." Mtoto hakufahamu, na asubuhi ile hakuna aliyemweleza.

Mahali tulipokwenda panaitwa Makumbusho ya Kifalme ya Jeshi na Historia ya Vita. Yako ndani ya bustani kubwa ya Cinquantenaire, jina ambalo maana yake ni mwaka wa hamsini, kwa kuwa mwaka 1880 Wabelgiji walifanya hapo maonyesho makubwa ya kukumbuka miaka 50 ya uhuru wao. Ukitoka kwenye treni ya chini ya ardhi na kuingia bustanini, kitu cha kwanza unachokiona ni tao la mawe lenye milango mitatu, na juu yake farasi wanne wa shaba wanavuta gari. Tao hilo lilimalizika mwaka 1905. Mnajua kwamba tangu 1885 mpaka 1908 nchi yetu haikuwa koloni la Ubelgiji bali mali ya mfalme Leopold II mwenyewe, na mnajua habari za mpira. Basi, sehemu kubwa ya fedha za tao lile ilitoka kwetu, kwa njia za kuficha ili watu wasione mkono wa mfalme. Niliwaeleza watoto pale pale. Yaya akaweka kiganja chake juu ya jiwe, akasema: "Kama ni hivyo, tumefika nyumbani." Kiisha tukaingia.

Jumba la ndege ni la chuma na vioo. Linaweza kumeza kanisa letu, madarasa yetu yote na kiwanja cha mpira, na bado mtu apate mahali pa kupita. Sehemu ile ya ndege ilifunguliwa mwaka 1972. Ndege nyingine zimesimama chini kwa magurudumu yake, nyingine zimening'inia juu kwa nyaya, hata unatembea chini ya matumbo yake. Hakuna sauti. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote: mashini nyingi vile, na kimya kama cha maktaba.

Sasa tuanze somo. Mvulana aliuliza swali zuri: kwa nini zile za zamani ziko na mabawa mawili, moja juu ya lingine, na za leo ziko na moja tu?

Siku mnaposafiri juu ya kamio, toa mkono wako pembeni, kiganja kitazame chini na kidole gumba kielekee mbele. Kiisha inua kidogo ule upande wa gumba. Mkono unapanda wenyewe. Kwa nini? Hewa inayokutana na kiganja inasukumwa kwenda chini, na kwa kuwa mkono unaisukuma hewa chini, hewa nayo inausukuma mkono juu. Ni sheria ya Newton mliyokwisha kuandika katika daftari, ile ya kitendo na jibu lake. Bawa la ndege ni mkono ule ule, ila limechongwa kwa ufundi na mgongo wake umepinda, hata hewa ya juu inapita mbio na kulikandamiza kidogo kuliko hewa ya chini.

Sasa sikieni jambo la pili, ambalo wengi hawalijui. Dereva akizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya kuinua mkono haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Basi ndege ya mwendo wa haraka inatosheka na bawa dogo, na ndege ya polepole inahitaji bawa kubwa sana. Watu wa mwaka 1914 walikuwa na motere dhaifu. Wangetengeneza bawa moja refu la mti, lingevunjika. Kwa hiyo wakaweka mabawa mawili, wakayafunga pamoja kwa vijiti na nyaya, kama daraja. Ngozi ya ndege zile ni kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza. Ukizitazama kwa karibu unaona mishono, kama ya shati.

Kati ya hizo kuna Hanriot HD.1, ndege ndogo sana, ya namna aliyoirusha Mbelgiji Willy Coppens. Huyo alipata ushindi wa angani mara 37 katika vita ya kwanza ya dunia, na karibu zote alizoangusha zilikuwa baluni, si ndege. Baluni ilifungwa kwa kamba nyuma ya mahali pa vita, na ndani ya kikapu chake alikaa mtu mwenye darubini akiwaelekeza wapiga mizinga. Oktoba 1918 Coppens mwenyewe alipigwa risasi, akapoteza mguu. Nilipomaliza kueleza, yule msichana wa miaka minane akauliza: "Na yule wa kikapu?" Nikamwambia kwamba wengi waliruka kwa parashuti. Akafikiri kidogo, akasema: "Wengi." Sikuongeza neno.

Mbele kidogo tukakuta ndege yenye tumbo la mashua, F.B.A., iliyotengenezwa Ufaransa wakati wa vita ile ile. Hii ilikuwa inatua juu ya maji. Hapo nilisimama sana, na ninyi mnaokaa karibu na ziwa Tanganika simameni pamoja nami.

Mwaka 1915 njia ya treni kutoka Kabalo ilifika ziwani, mahali ambapo leo ni Kalemie. Wakati ule Wajerumani walikuwa mabwana wa ziwa. Walikuwa na Kingani, na Hedwig von Wissmann, na ile kubwa, Graf von Götzen, ambayo ilitengenezwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikapita bahari mpaka Dar es Salaam, ikafika Kigoma kwa treni na kuunganishwa tena. Waingereza nao wakaleta mashua mbili ndogo za vita, Mimi na Toutou. Zilishushwa Cape Town, zikapanda treni mpaka Fungurume, kiisha zikavutwa milimani kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe. Mnafahamu milima ile. Mvua moja tu na kamio zinalala huko wiki nzima. Siku ya 26 Desemba 1915 mashua hizo zikamkamata Kingani, na 9 Februari 1916 zikamzamisha Hedwig von Wissmann. Götzen ilibaki.

Juu yake ndipo zililetwa ndege. Waingereza waliwaazima Wabelgiji ndege nne za maji, aina ya Short 827. Zilikuja ndani ya masanduku mpaka Matadi, zikapanda treni, zikapanda mto Kongo kwa mashua, zikapanda treni tena. Kituo chake kilikuwa kwenye bwawa la Tungwe, upande wa Mtoa, kwa kuwa mawimbi ya ziwa kubwa yalikuwa makali mno kwa miguu yake ya mti. Kila moja ilikuwa na motere moja ya nguvu za farasi 150, na mabawa ya upana wa mita 16 na zaidi. Mwendo wake haukupita sana kilometa 100 kwa saa. Piloti mmoja, Aimé Behaeghe, alivuka ziwa Juni 1916 pamoja na mwenzake Collignon, wakatupa mabomu Kigoma.

Hapa fizika inarudi. Ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya bahari, na jua lake mnalijua. Hewa ya mahali pa juu na pa joto ni nyepesi: bawa linapata hewa kidogo ya kusukuma, na motere inapata hewa kidogo ya kupumua. Ndege ile ile inayobeba mzigo mzito juu ya bahari ya baridi ya Bulaya inalazimika kupunguza mzigo hapa kwetu, ama haitoki majini. Kumbukeni hilo siku mtakapoona wasafiri wakipimwa pamoja na vifurushi vyao kwenye kiwanja kidogo cha ndege, nao wanagombana na mpimaji. Mpimaji yuko na haki.

Mabomu ya Behaeghe hayakuizamisha Götzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 walipokimbia Kigoma, lakini wahandisi wake waliipaka motere zake mafuta mazito kwanza, kama mtu anayefunga sanduku akijua atarudi. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba, ambayo wazee wengi wa pande zetu waliipanda. Behaeghe alikufa kwa ugonjwa mwezi wa Desemba 1916 kule Niemba. Kwao wanamkumbuka kuwa piloti wa kwanza wa Afrika ya kati. Na wale watu walioinama chini ya masanduku ya vita ile, makumi ya maelfu ya wabeba mizigo, wengi wao wakiwa baba wa babu zenu? Katika jumba lile sikuona jina la hata mmoja. Sandarusi na kitani vimehifadhiwa vizuri sana.

Baada ya hapo watoto walituvuta kwa ndege za moto, zisizo na panka. Sitasema mengi. Kuna MiG za Warusi na kuna Starfighter ya Marekani, F-104, ambayo mvulana aliipenda hata akakataa kutoka. Itazameni kwa akili ya somo letu: mwili wake ni kama mita 17, lakini kutoka ncha ya bawa moja mpaka ya lingine hazifiki mita saba. Iliweza kwenda mara mbili ya mwendo wa sauti, basi haikuhitaji zaidi. Ukingo wa bawa lake ni mwembamba hata mafundi waliufunika ndege ilipokuwa chini, wasijikate. Na deni lake ni hili: kwa bawa dogo vile, haiwezi kutua polepole. Piloti wengi walikufa juu ya deni hilo.

Ndipo tukafika kwa ndege mbili ambazo mtu wa kawaida anazipita bila kusimama.

Ya kwanza ni Fouga Magister, ndege ndogo ya Kifaransa yenye mkia uliopanuka kama mikono miwili. Kibao kinasema: ndege ya mafunzo. Ni kweli, Wabelgiji waliwafundishia vijana wao miaka mingi. Lakini mwaka 1961 Katanga ya Tshombe ilipata Fouga tatu, na mwezi wa Septemba mwaka ule moja tu kati yake ilitosha kuyasumbua majeshi yote ya Umoja wa Mataifa, ambayo hayakuwa na ndege ya kuikimbiza. Iliwapiga mabomu Waairlandi waliozingirwa Jadotville, yaani Likasi. Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, aliposafiri kwenda Ndola usiku wa 17 Septemba, hofu ya Fouga ile ilikuwa moja ya sababu za kusafiri gizani kwa njia ya kuzunguka. Ndege yake ilianguka karibu na Ndola, naye akafa. Baadaye Sweden, Ethiopia na India wakaleta ndege za vita kwa Umoja wa Mataifa. Yote hayo juu ya ndege ya mafunzo.

Ya pili ni Harvard. Panka moja mbele, motere ya duara, kioo kirefu cha kukalisha watu wawili, mmoja nyuma ya mwingine. Kibao chake pia: ndege ya mafunzo. Miaka ya 1950 Wabelgiji walikuwa na shule ya piloti pale Kamina, na Harvard ndiyo iliyokuwa daftari la wanafunzi. Julai 1960, siku chache baada ya uhuru wetu, baadhi ya Harvard za Kamina zilikuwa zimekwisha kufungwa silaha.

Yaya alikuwa ametembea asubuhi yote nyuma yetu, mikono mgongoni, kama mtu anayetembelea shamba la mwingine. Hapa akasimama. Akaitazama mbele, akaitazama pembeni, akatikisa kichwa. Akaniambia: "Siijui." Nikamsomea kibao. Akasema: "Mafunzo ya nani?" Kiisha akauliza kama anaweza kuona tumbo lake. Nikamwambia ainame tu. Aliinama, haikutosha. Basi mzee yule, ndani ya koti jipya la kuazima, akapiga magoti, akalala chali juu ya sakafu ya baridi, kichwa kikapita chini ya kamba.

Watoto walianza kucheka. Binti yangu akaona haya, akasema: "Baba mkubwa, tafadhali, inuka, watu wanatazama." Mlinzi akaja haraka. Alikuwa mtu mzima, naye ana mvi. Binti yangu akamweleza kwa Kifaransa kwamba mzee huyu ametoka Kongo, na kwamba aliona ndege kama hizi alipokuwa mtoto, lakini kutoka chini tu. Mlinzi akanyamaza. Kiisha akasogeza nguzo ya kamba hatua moja, akageuka, akatazama upande mwingine.

Yaya alikaa pale labda dakika tatu. Alipoinuka akasema: "Zinafanana. Siyo hii. Ile ilikuwa nene kidogo hapa mbele."

Nami niliweza kumwambia jina lake, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Mwaka 1964 serikali ya Léopoldville ilikuwa na ndege kama Harvard hii kwa kuwapiga waasi. Kiisha Wamarekani wakaleta T-28, kubwa na nene zaidi, kazi ya kiwanda kile kile cha North American, pamoja na B-26 za kutupa mabomu. Piloti wengi walikuwa Wakuba waliomkimbia Fidel Castro, wakilipwa na shirika la upelelezi la Marekani. Na tangu Aprili mpaka Novemba 1965, upande wa waasi, katika milima ya Fizi, walikuwapo Wakuba wengine, watu wa Castro, pamoja na Che Guevara. Wakuba kwa Wakuba, kumbe uwanja ni wetu. Na T-28, wanafunzi wapenzi, nayo ilitengenezwa kwanza iwe ndege ya mafunzo. Nilipomwambia yaya hilo akacheka kidogo, kicheko cha puani.

Kabla hatujatoka tulipita chini ya C-119, ndege ya mizigo yenye mkia wa miti miwili, mlango wake nyuma kama wa ghala. Ndege za namna hii za Ubelgiji zilifanya kazi katika Kongo mwaka 1960, zikileta askari na kuondoa watu. Ninaitaja kwa haki, sababu si kila aliyesikia sauti angani alikimbia. Alfajiri ya 24 Novemba 1964, kule Kisangani, waliofungwa na Simba muda wa miezi walikuwa wanaomba Mungu wasikie ndege, na walizisikia: C-130 tano za Marekani, zikiangusha Wabelgiji zaidi ya 300 kwa parashuti. Wengi waliokolewa. Wengine waliuawa asubuhi ile ile, kati yao daktari Paul Carlson, mmisionari ambaye wazee wa kanisa wanamkumbuka. Na Wakongo waliokufa Kisangani siku zile na siku zilizofuata walikuwa wengi kuliko wageni, ingawa magazeti ya Bulaya yaliwahesabu wageni kwanza. Sauti moja, mmoja anainua mikono, mwingine anatafuta shimo.

Jioni, nyumbani, tulipokwisha kula, mvulana alirudi kwa jambo lake. "Babu, asubuhi ulisema uliziona. Uliona nini?"

Yaya alisimulia kwa Kiswahili, na binti yangu akatafsiri maneno ambayo watoto hawakuyajua. Mimi mwenyewe sikupata kuisikia yote siku moja. Nilikuwa mgongoni mwa mama wakati ule.

"Ilikuwa huko Fizi, mwaka wa 1965. Sisi watoto tulijua sauti kabla ya wakubwa. Ilikuwa inakuja kama nyuki, kiisha kama kamio inapanda mlima. Mama alikuwa anasema: mu mihogo! Tunalala chini ya majani ya mihogo, uso kwa udongo. Lakini mimi nilikuwa mtoto mjinga, ninageuka kutazama. Njo sababu ninajua tumbo lake. Piloti simjui. Ilikuwa ya nani, siku ile hatukujua, ilikuja na ikaenda. Mama alichukua nguo zetu zote nyeupe, za kanisa na za shule, akazipaka matope, juu nyeupe inaonekana kutoka mbali. Tulipika usiku tu, sababu ya moshi. Kiisha tukaacha kijiji, tukaingia pori, miezi saba."

Msichana akauliza kama ile ndege ilimpiga mtu.

"Kwetu haikumpiga mtu. Dada yetu mdogo alikufa huko porini. Homa. Alikuwa sawa wewe. Tulimzika ndani ya nguo yake ya kanisa, na mama alikwenda mtoni kuifua kwanza, mchana, nguo nyeupe, juu ya jiwe, kila mtu anaweza kuiona. Baba alimkataza. Hakusikia. Aliifua mpaka ikatakata."

Hakuna aliyesema kitu. Mvulana alikwenda akaleta karatasi. Mchana alikuwa amechora Starfighter, akiwa ameketi sakafuni pale makumbusho, kutoka pembeni, nzuri, na nyota zake. Akageuza karatasi, akampa babu yake kalamu, akamwambia achore ile yake. Yaya hana mkono wa kuchora. Alifanya msalaba mnene, na duara mbele, na chini ya kila bawa akaweka vitu viwili kama mahindi. Karatasi hiyo ninayo. Mtaiona ukutani mwa kilasi cha tano, pande zote mbili, nimeifunga kwa uzi ili igeuzwe.

Sasa kazi yenu.

Kwa fizika: kutoka Mtoa mpaka Kigoma hesabuni kilometa 120. Short 827 ilikwenda kilometa 100 kwa saa, na ilikuwa na mafuta ya masaa matatu na nusu. Behaeghe aliweza kukaa juu ya Kigoma muda gani, kama hakuna upepo? Na kama kuna upepo wa kilometa 20 kwa saa unaomsukuma wakati wa kwenda na kumpinga wakati wa kurudi? Fanyeni kwa uangalifu, jibu la pili si sawa na la kwanza.

Kwa historia: mwulizeni mzee mmoja wa nyumbani ndege ya kwanza aliyoiona. Mwaka gani, mahali gani, ilikuwa na rangi gani, na wakati ule yeye alikuwa anafanya nini. Kama hataki kusema, msimlazimishe. Andikeni tu kwamba hakutaka. Msitengeneze majibu, nitajua.

Hesabu mtampa mwalimu wa fizika. Ya pili mtaniletea mimi, kabla ya mapumziko ya Pasaka.